Namna ya kumshika chatu wa kufugwa bila kudharau nguvu zake

Mistari miwili ya zambarau ilikaa mkononi mwangu kwa siku nne, mmoja juu kidogo ya kifundo, mwingine chini ya kiwiko, utadhani nilifungwa kamba ya katani. Chatu aliyeniachia alama hizo hakuwa mkali. Nilikuwa namshika kila wiki, mwaka wa tatu huo. Wanafunzi waliokuja kumtazama walimpapasa mgongo, na mimi mwenyewe nilishazoea kuwaambia wageni kwamba ni mpole kuliko paka. Siku hiyo nilitoka kunyonyoa kuku, nikasuuza mikono kwa maji matupu, nikaenda kufungua banda.

Ndiyo maana mwongozo huu unamhusu nyoka uliyemzoea. Mkali anajilinda na kukulinda na wewe: anafoka, anarusha kichwa, unarudi nyuma. Mpole hakupi onyo, na nguvu zake huzihisi mpaka awe ameshakuzunguka mara mbili. Huku kwetu mtu akisikia chatu hana sumu anaona habari imekwisha, wakati kwa mfugaji ndiyo kwanza inaanza. Yule wa sumu hakuna anayethubutu kumweka begani.

Ninayoyaandika nimejifunza nikitunza chatu nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande wa Uyole, kwenye baridi ambayo nyoka huyu hakuumbiwa. Mfugaji wa Iringa, Njombe au Tukuyu atakutana na yale yale.

Kibali kwanza

Chatu wa porini ni mali ya Serikali kama alivyo tembo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata au kukaa naye bila leseni, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Chatu pia wamo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kumsafirisha nje ya nchi bila karatasi ni kesi nyingine. Ukimkuta kwenye majaruba ya mpunga Mbarali au Kyela, hajawa wako kwa kuwa umemwona wa kwanza. Piga simu kwa watu wa wanyamapori, au Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114 kama kajiingiza ndani ya nyumba.

Achilia mbali sheria. Chatu aliyekulia porini ameishi kwa kuminya, na kila kinachomgusa kwake ni ama chakula ama adui. Mwongozo huu haumfai.

Mpime unene, tabia iache

Chatu wetu ndiye nyoka mkubwa kuliko wote Afrika. Wakubwa hupita mita nne, wachache hupita tano. Yupo mwenzake wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, ambaye mara nyingi hafiki mita moja na nusu. Huyo hata akikubana mkono utamfungua huku unaongea na simu. Shida ni kwamba watu huona picha za huyo mdogo, wakaleta desturi zake kwa huyu wetu.

Mnyama huyu ni misuli kutoka shingoni hadi karibu na mkia, na jinsi anavyonenepa ndivyo mgandamizo wa mizingo yake unavyopanda. Urefu unatisha macho, ila unene ndio unaominya. Kwa hiyo mpime. Mimi natumia futi ya fundi cherehani, ile laini, naizungusha sehemu yake nene kuliko zote akiwa anatambaa sakafuni, siku ambayo hajala. Uzito naupata kwa kumtia ndani ya foronya, naifunga mdomo, naitundika kwenye mizani ya kuning'iniza. Andika kwenye daftari kila mwezi. Chatu anayekua anakudanganya kama mtoto unayelala naye nyumba moja: humuoni akiongezeka, siku moja unashtukia suruali imekuwa fupi.

Kisha linganisha na mwili wako mwenyewe. Akiwa mwembamba kuliko kifundo cha mkono wako, atakukera tu. Akifikia unene wa kigasha, hesabu kwamba anaweza kuufanya mkono huo ukawa hauna kazi kwa muda. Akipita hapo, hesabu shingo.

Kanuni wanayoitumia watunzaji wengi wa nyoka wakubwa ni mtu mmoja kwa kila mita moja na nusu ya nyoka. Mimi ninayo nyepesi zaidi, ambayo hata shemeji yangu anaikumbuka: fremu ya mlango. Milango yetu mingi ina kimo cha mita 2.1 hivi. Chatu akiwa mrefu kuliko mlango, hafunguliwi na mtu aliye peke yake nyumbani, hata kama ni kubadilisha maji tu.

Ukiona nazidisha, sikia hili. Mwaka 2017 huko Hampshire, Uingereza, kijana aliyefuga nyoka kwa miaka mingi alikutwa amekufa chumbani kwake, na uchunguzi ukamalizikia kwa chatu wake wa Afrika, jamii ya hawa hawa tulionao. Chatu huyo alikuwa na urefu wa kama mita 2.4. Kwa chatu wetu hiyo ni saizi ya kijana anayebalehe. Na mfugaji mwenyewe alikuwa mzoefu, ila alikuwa peke yake.

Kwa nini sekunde zinahesabika

Tulifundishwa kwamba chatu huua kwa kumnyima mnyama pumzi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Dickinson, Marekani, walipima panya waliokuwa wakiminywa na nyoka wa jamii ya boa, wakakuta kinachotangulia ni damu: ndani ya sekunde chache msukumo wa damu mishipani unaporomoka na moyo unapoteza mpangilio wake. Pumzi ni suala la dakika. Damu kutofika kichwani ni suala la sekunde.

Sasa hamishia hilo kwenye shingo ya mtu. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita pembeni mwa shingo, karibu na ngozi, haina mfupa wa kuikinga. Ikibanwa yote miwili, mtu anazimia ndani ya sekunde kumi hivi. Hakuna kukohoa wala kupiga kelele, na magoti yanalegea kabla hujaelewa kinachoendelea. Ndiyo maana sitampa mtu yeyote chatu shingoni. Kila msimu wa maonyesho, Agosti, naombwa: "Kaka, moja tu ya shingoni, nipost." Namwekea mikononi, kichwa nakishika mimi. Asiyetaka hivyo akapige picha na mbuzi.

Kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limeshaonyesha mwaka 2012 kwamba boa anausikia moyo wa anachokibana. Walimpa panya waliokufa waliowekewa moyo wa bandia unaodunda. Alibana kwa muda mrefu na kwa nguvu zaidi kuliko kwa wale ambao moyo haukudunda. Kwa hiyo ukihangaika na moyo wako ukienda mbio, unamwambia kwamba kazi bado haijaisha.

Siku za kumwacha alipo

Siku ya kula usimshike, na baada ya kula mpe angalau siku mbili kamili. Huku nyanda za juu mimi naongeza hadi nne au tano, kwa sababu baridi inachelewesha tumbo. Chatu akibebwa na shibe anaweza kukitapika chakula chote, jambo linalomdhoofisha sana, na kabla ya kutapika atakuwa ameshakubana kwa kero.

Macho yakiingia ukungu wa rangi ya maziwa na ngozi ikafifia, anakaribia kujivua gamba. Hapo haoni vizuri na kila mguso unamshtua. Mwache mpaka atoke kwenye gamba.

Jike aliye na mayai anajizungushia mayai na kuyalinda. Usijaribu.

Halafu kuna baridi, ambayo wenzetu wa Dar hawaijui. Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na Makete au Kitulo majani yanaamka na barafu. Chatu anahitaji upande wa banda wenye joto la nyuzi 30 na kidogo. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unamkuta amelegea, mzito, unamwinua bila shida. Huo si upole. Mwili umezima. Ukimshika hivyo anaupata moto wa mwili wako, anaanza kuutafuta kwapani na tumboni, anajikaza hapo kwa sababu ndipo penye uhai, na wewe uliyeanza na nyoka mzembe dakika kumi baadaye unaye nyoka aliyeamka akiwa ameshakuzunguka kiuno. Rudisha joto kwanza: chupa za maji ya moto zilizozungushiwa taulo, upande mmoja wa banda, mpaka umeme urudi. Jiko la mkaa usiliingize chumba kilichofungwa, litakuua wewe kabla yake.

Harufu na joto la mkono

Kwenye midomo ya chatu kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto. Mkono wako gizani kwake ni kitu cha moto kinachosogea. Ukiongeza harufu ya kuku, sungura, panya au simbilisi (na nyumba nyingi za Iringa na Njombe zina simbilisi uvunguni), umeshamwekea chakula mezani.

Osha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kausha, vaa shati safi la mikono mirefu. Kama umeshika mbwa au paka, badilisha shati. Saa, bangili na kamba ya kitambulisho shingoni, vua. Mimi siku ile nilivaa aproni niliyonyonyolea kuku.

Chakula mpe kwa koleo ndefu, kila mara, ili mkono mtupu usije ukawa na maana ya kula. Na kabla ya kumgusa kwa mkono, mguse kwa kulabu. Yangu ilitengenezwa na fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa: nondo ya milimita 8, urefu wa mita moja, ncha imepindwa na kusuguliwa mpaka haina makali, kishikio kimefungwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Mguse nayo polepole mgongoni, mara mbili tatu, halafu subiri. Akiutoa ulimi na kurudisha shingo taratibu, anajua sasa hakuna kula. Shingo ikijikunja kama herufi S huku macho yakikukazia, funga banda. Jaribu kesho.

Mpangie kila mtu kazi

Msaidizi aliyesimama mlangoni akitazama ni mtazamaji. Kabla sijafungua namwambia shemeji yangu, ambaye ndiye ninaye siku nyingi:

"Shemeji, wewe ni mkia. Kichwa usikiangalie kabisa."

"Na akikuzunguka?"

"Nikisema mkia, unaushika na kuanza kuuzungusha ulikotokea. Usiniulize swali."

Anacheka, lakini anakumbuka. Wasukuma waliohamia Usangu na mifugo yao wana utamaduni mrefu wa ngoma ya nyoka, wenyewe wanawaita wataalamu wake Bagoyangi, na ukitazama vizuri utaona mchezaji anayezungukwa na watu wanaojua la kufanya. Sisi wa mjini tumechukua picha, tukaacha watu.

Chumba kiwe na mlango uliofungwa, bila watoto, bila mbwa. Karibu na wewe kuwe na beseni la maji ya baridi, chupa ya spiriti ya duka la dawa, shuka nene, na simu yenye chaji. Panga liwepo pia, mahali msaidizi anapopajua. Sijawahi kulitumia na sitaki, ila uhai wa mtu ukiwa unakatika hakuna mjadala kuhusu bei ya nyoka.

Kumwinua

Ingiza mkono kutoka pembeni, kamwe usitokee juu kama mwewe. Mkono wa kwanza upite chini ya theluthi ya mbele ya mwili, wa pili chini ya katikati. Mwinue kwa viganja vilivyofunguka, usimkabe. Shingo usiibane, nyoka aliyekabwa shingo anatafuta cha kushikilia, na cha karibu ni mkono wako. Mkia usining'inie bila tegemeo, akihisi anaanguka atajifunga kwenye chochote.

Baada ya hapo unakuwa kama mtu anayepokezana kamba: anasogea mbele, unatoa mkono wa nyuma unauleta mbele. Unamwelekeza, humsimamishi. Kichwa kisikaribie uso wako, na kikielekea begani mgeuze kwa kiganja chini ya kidevu chake, polepole. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Wanaokaa naye saa nzima wakitazama mpira wanajipa wao starehe. Yeye anapoa, anachoka, anachukia.

Jambo moja dogo: kaa. Ukiwa umekaa kwenye kiti kisicho na egemeo, ni vigumu zaidi kukuzunguka miguu, na mkizidiana hutaanguka naye kutoka juu.

Akianza kubana

Kwanza tofautisha kushikilia na kubana. Chatu aliyebebwa lazima ashikilie, kama mtu aliyekaa nyuma ya bodaboda. Mshiko huo una ulegevu, unaingiza kidole kati ya mwili wake na wako, na misuli yake inapita kama wimbi, hapa inakaza pale inaachia. Kubana ni kingine. Ulimi unaacha kutoka. Wimbi linakoma, mwili wote unakuwa mgumu mahali pamoja kama tairi la baiskeli lililojazwa upepo. Mzingo wa pili unakuja kukaa juu ya wa kwanza. Ukikosa nafasi ya kuingiza kidole, acha kufikiri, anza kutoa.

Siku yangu ile ilikwenda hivi. Nilimpitishia mkono wa kushoto chini ya mwili, akanusa aproni, ulimi ukasimama. Hakung'ata. Alivuta tu mwili wake wa kati juu ya kigasha changu, mara moja, mara ya pili, na mkono ukawa mzito. Hapakuwa na maumivu mwanzoni. Nilichoona ni vidole vyangu kubadilika rangi, kwanza vyeupe, halafu bluu kwenye kucha, kama vya mtu aliyefungwa mkanda wa kutolea damu. Nikafanya kosa ambalo kila mtu hufanya: nikashika mzingo wa juu na kuuvuta. Alichofanya ni kukaza. Nikavuta tena, akakaza tena. Kwa mkono mmoja wenye nguvu ya mwanaume anayebeba magunia ya viazi sikuweza kusogeza hata upana wa kucha. Nilimwita mke wangu, aliyekuwa uani, na nilipomwona mlangoni nikagundua sijawahi kumwelekeza chochote.

"Mkia," nikasema. "Tafuta mkia."

Aliupata umejificha chini ya kiwiko, ncha yake nyembamba imejikunja kama kidole. Akaufungua, akauzungusha kinyume, na mimi nikageuza mkono kufuata. Mzingo wa kwanza ulitoka ndani ya nusu dakika. Wa pili ulijifungua wenyewe.

Hiyo ndiyo njia, na sababu yake ni ya kawaida. Mkia ndiyo sehemu yenye misuli michache, tena ndiyo nanga yake. Ukiing'oa nanga, mizingo ya juu inakosa pa kuvutia. Ukianzia kichwani unapambana na mwili mzima. Kwa hiyo:

Tulia na uvute pumzi fupi fupi, ukikumbuka kwamba anausikia moyo wako. Mkono ulio huru usiuingize ndani ya mizingo kujaribu kuipanua, utakamatwa nao. Ita "mkia". Msaidizi aushike kwa kiganja kizima, afungue kwa kuzungusha kuelekea ulikotokea, akishaupata asiuachie hata kidogo, kwa sababu chatu atautafutia mahali papya mara moja. Akiwa mnene, mtu wa pili apokee kila mzingo unaotoka auweke mbali na mwili wako. Wewe geuza mkono au kiuno kufuata upande unaofunguka.

Akipanda kuelekea shingoni, bana kidevu kifuani na upitishe kigasha kati ya mwili wake na koo lako mapema, kabla nafasi haijaisha. Mkono uliobanwa utauma. Shingo iliyobanwa haitauma, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hili ndilo eneo pekee ninalosema msaidizi asisubiri kuambiwa: mzingo kwenye shingo, mkia unashikwa hapo hapo, na kama uso wa mtu unabadilika rangi na mkia haufunguki, panga. Kwa uangalifu, mbali na mwili wa mtu, mgongoni mwa nyoka.

Aking'ata na kung'ang'ania

Meno ya chatu yameinama kuelekea kooni, mithili ya ndoana. Ukirudisha mkono kwa nguvu unaichana nyama yako na kuyaacha meno ndani. Kishike kichwa chake nyuma ya taya ili asitikise, zuia mizingo isianze, kisha mimina maji ya baridi kichwani au spiriti kidogo pembeni mwa mdomo. Wengi huachia. Akilegeza, sukuma kichwa mbele kidogo, kuelekea mkono wako, ili meno yachomoke yalivyoingia, ndipo umwinue.

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kagua vipande vya meno, nenda hospitali ukaulizie sindano ya pepopunda. Mweleze daktari wazi kwamba ni chatu, asianze kutafuta dawa ya sumu. Mkono ukibaki na ganzi, ukivimba au vidole vikiwa baridi baada ya kubanwa, hiyo nayo ni safari ya hospitali, usingoje kuche.

Kumrudisha na kufunga

Mrudishe wakati bado ametulia, kichwa kikielekea ndani na mbali na wewe. Acha atambae mwenyewe, mwongoze mwili kwa kiganja, toa mikono wa mwisho ukiwa wa mkia. Akiwa ametia kichwa ndani halafu akakigeuza kukutazama, tumia kulabu, mkono usiurudishe.

Banda liwe na mfuniko au mlango wenye kufuli, si komeo peke yake. Chatu husukuma kila pembe usiku kucha na ana subira kuliko wewe. Tundu la hewa lizibwe kwa wavu wa chuma uliopigiliwa, tena ukaguliwe. Agosti 2013, huko Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika wa kilo ishirini na kitu alitoka kwenye chumba chake kupitia njia ya hewa iliyokuwa darini, akaangukia chumba walicholala wavulana wawili ndugu, mmoja wa miaka minne na mwenzake wa sita. Wote walikufa. Hawakuwa wamemgusa wala kumchokoza.

Kwa hiyo baada ya kufunga, ninavuta kufuli mara mbili, ninaweka ufunguo kwenye msumari wa juu ambao mtoto haufikii hata akipanda kreti la soda, ninanawa kwa sabuni, maana nyoka hubeba vijidudu vya kuharisha kwenye magamba, ndipo naita watoto kwamba njia iko wazi. Mke wangu anapita nyuma yangu na kuivuta kufuli mara ya tatu. Tangu siku ya kuku, haniulizi kama nimefunga.